KAMSHAFTI MPYA NDANI YA INJINI KUUKUU

Wahenga walinena: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Msemo huu sisi watu wa pwani hatuachi kuutumia tunapomtetea mzee aliyedharauliwa, au tunapolisifu jahazi lililokwisha kupita kusi na kaskazi nyingi na bado halivuji. Leo, wasomaji wapenzi, nataka tuuchukue msemo huo tuupeleke mahali ambapo pengine haujapata kufika, nako ni chini ya boneti ya pikapu ya Kimarekani. Pikapu hiyo imekwisha kutembea maili 200,000, yaani takriban kilomita 320,000, na mwenyewe ameona asiiuze wala asiitupe, bali aitie kamshafti nyingine ili iende mbio kuliko siku ilipotoka kiwandani.

Kwa Wamarekani jambo hili si la mafundi peke yao. Ni sehemu ya utamaduni wao, kama mashindano ya mashua na ya punda yalivyo sehemu ya utamaduni wa Lamu. Kijana hurithi pikapu ya babake, au huinunua kwa bei ya kutupa, kisha hukaa nayo nyuma ya nyumba siku za mapumziko, yeye na sahibu zake, mikono imejaa grisi, wakibishana. Na ndani ya ubishi wao mna swali linalomhusu kila mtu mwenye kitu cha zamani anachokipenda: je, mkongwe huyu bado ana nguvu iliyofichika, au hiyo nguvu ninayoitafuta ndiyo itakayomuua?

NUNDU INAYOFUNGUA MILANGO

Tuanze na msingi, maana si kila msomaji amepata kushika spana. Injini hupumua kama mtu. Kila silinda ina mlango wa kuingizia hewa na petroli, na mlango mwingine wa kutolea moshi. Milango hiyo ndiyo valvu. Lazima ifunguke na kufungwa kwa wakati wake, si mapema wala si kwa kuchelewa, na chombo chenye amri hiyo ni kamshafti: mti mrefu wa chuma uliochongwa nundu, nundu moja kwa kila valvu. Nundu inapopanda, valvu hufunguka. Nundu inaposhuka, springi huirudisha valvu mahali pake. Krankishafti inapozunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja tu, na desturi hiyo haivunjwi.

Katika injini tutakayoizungumza leo, kamshafti imelala katikati ya bloku, baina ya safu mbili za silinda nne nne. Nundu haiigusi valvu yenyewe. Huinyanyua tapeti, ambayo chini ina rola ndogo. Tapeti huinyanyua pushirodi. Pushirodi huisukuma roka. Na roka, ikipinduka kama bembea ya watoto, huikandamiza valvu. Tena roka hiyo huzidisha mwendo mara 1.7. Nundu ikinyanyua milimita 7, valvu hufunguka karibu milimita 12.

Sasa tazama kazi inayofanywa na vyuma hivyo vidogo. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 3,000 katika dakika hiyo, yaani mara 50 kwa kila sekunde. Na tukikisia kwamba gari letu la maili 200,000 lilikwenda mwendo wa wastani wa maili 40 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, basi imefanya kazi saa 5,000, na kila nundu imepanda na kushuka mara milioni 300. Anayesema chuma hakichoki na asome hesabu hiyo mara ya pili.

Mtunzi wa mashairi ataelewa upesi zaidi. Kamshafti ndiyo mizani ya injini. Ubeti ukizidi mizani moja, au kina kikiwahi kabla ya mahali pake, mwimbaji hujikwaa hata kama maneno yote ni mazuri. Injini nayo ni hivyo hivyo. Petroli iwe njema, plagi ziwe mpya, lakini valvu zikikosea wakati, hakuna mwendo.

CHOMBO KILICHOTOKA MASHARIKI

Huenda msomaji akadhani nundu hii ni akili ya Wazungu wa juzi. La, sivyo. Mwaka 1206, katika mji wa Diyarbakir, fundi mmoja jina lake Ismail al-Jazari, aliyewatumikia wafalme wa ukoo wa Artuqi, alikamilisha kitabu kikubwa cha kueleza vyombo vya ajabu na jinsi ya kuvitengeneza. Mnamo 1974 mtaalamu wa Kiingereza, Donald Hill, alikitoa kwa lugha ya Kiingereza, na mafundi wa ulimwengu wakashangaa.

Miongoni mwa vyombo hivyo mna mashua yenye sanamu za wapiga muziki. Ndani yake umewekwa mti unaozungushwa kwa maji, na katika mti huo zimepigiliwa pegi. Mti unapozunguka, pegi hubonyeza vyuma vidogo, na vyuma hivyo huifanya mikono ya sanamu ipige ngoma. Pegi zile ndizo nundu zetu. Zamani ziliamrisha mdundo, leo zaamrisha moto wa petroli, lakini fikra ni moja.

Miaka zaidi ya mia tatu baadaye, mwaka 1551, Taqi al-Din, mzaliwa wa Damascus ambaye baadaye alikuwa mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota mjini Istanbul, aliandika juu ya pampu ya maji yenye silinda sita. Gurudumu la maji lilizungusha mti wenye nundu sita, zilizopangwa zisipande zote kwa pamoja bali moja baada ya moja, ili maji yasikatike. Fundi wa leo akiuona mchoro huo hataulizia tafsiri. Ataujua kuwa ni kamshafti.

VIJANA WA CALIFORNIA

Mapenzi ya Wamarekani ya kubadili kamshafti yalianzia hasa katika maziwa makavu ya California, mahali kama Muroc na El Mirage, ambapo ardhi ni tambarare kama sahani. Vijana walikuwa wakipeleka huko magari mabovu waliyoyafufua kwa mikono yao, wakayashindanisha. Baada ya Vita Vikuu vya Pili askari walirudi nyumbani wakiwa wamejifunza ufundi jeshini, na mchezo ukapamba moto. Mmoja wao, Ed Iskenderian, mzaliwa wa California mwaka 1921 na mwana wa ukoo wa Kiarmenia, alianza mwaka 1946 biashara ya kuchonga kamshafti kwa ajili ya mashindano, na jina lake likavuma.

Kisha mwaka 1955 kampuni ya Chevrolet ilitoa injini ndogo ya silinda nane, ya lita 4.3, iliyosimamiwa na mhandisi Ed Cole. Ilikuwa rahisi, nyepesi kwa wakati wake, na vipuri vyake vikapatikana kila pembe ya nchi. Mwaka 1997 mjukuu wake alizaliwa katika gari la Corvette, injini mpya kabisa ya lita 5.7, lakini kamshafti yake bado ililala katikati ya bloku kama ya babu. Na kwa magari ya mwaka 1999 ukoo huo ukaingia katika pikapu, kwa vipimo vya lita 4.8, 5.3 na 6.0.

Hiyo ya lita 5.3 ndiyo tunayoitaka. Bloku lake ni la chuma cha kusubu, vichwa vyake ni vya aluminiamu, na ilipotoka kiwandani ilipimwa baina ya nguvu za farasi 270 na 295, kulingana na mwaka. Zilitengenezwa kwa wingi hata makaburi ya magari ya Marekani yamejaa injini hizo. Mtu akiwa na pesa kidogo na subira nyingi, haendi kutafuta injini ya fahari. Huiendea hii iliyobeba mbao, ikavuta matrela, ikapeleka watoto shule kwa miaka ishirini, akasema: wewe ndiwe farasi wangu.

NA TAMAA IPIMWE

Kwa nini basi kubadili kamshafti? Kwa sababu kiwanda kilichonga nundu za kiasi. Kilitaka pikapu iondoke na mzigo bila taabu, isile petroli kupita kiasi, na isitoe moshi mbaya. Valvu za injini hii hufunguliwa chini kidogo ya nusu inchi, na muda wa nundu kwa kipimo cha mafundi ni karibu digrii 190. Nundu ndefu zaidi na nene zaidi huiacha milango wazi muda mrefu, hewa nyingi ikaingia, moshi mwingi ukatoka, na nguvu ikaongezeka. Kamshafti yenye digrii kati ya 205 na 215, pamoja na springi zake na marekebisho ya kompyuta, aghalabu huongeza makumi kadhaa ya nguvu za farasi, na pikapu bado ikafaa kwa kazi.

Lakini kila kitu kina bei yake. Nguvu hiyo mpya hukaa juu, pale injini inapozunguka kwa kasi. Kule chini, ambako gari hung'oka na mzigo, nguvu yaweza hata kupungua. Mwenye tamaa akichukua kamshafti ya digrii 230 na zaidi, hupata gari la mbio ambalo kwenye taa za barabarani ni zito kuondoka kama punda aliyegoma. Hapo itambidi abadili na konvata ya giaboksi, ili injini ipate kupanda kasi kabla ya kulisukuma gari, na gharama huzaa gharama.

Kuna na suala la mlio. Nundu zikiwa nene, hutokea kitambo ambapo valvu ya kuingiza na valvu ya kutoa zote ziko wazi. Injini ikienda polepole, moshi wa zamani huchanganyika na hewa mpya, moto ukawaka kwa kubahatisha, na gari likiwa limesimama hutikisika kama mtu mwenye homa ya baridi: dugu-dugu, dugu-dugu. Vijana huupenda mno mlio huo. Wako wanaonunua kamshafti kwa ajili ya mlio tu, kama mtu anayenunua kanzu kwa ajili ya darizi bila kutazama kitambaa. Mafundi wakongwe hucheka. Mlio ule ni dalili ya injini isiyopumua vizuri ikiwa chini, na ukizidi, hata breki hupungua wepesi, kwa kuwa msaada wa breki hutegemea mvuto wa hewa wa injini.

UZEE HAUFICHIKI

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kubadili kamshafti katika injini mpya ni kazi ya vipimo tu. Kubadili katika injini ya maili 200,000 ni kazi ya kumkagua mgonjwa kabla ya kumpasua. Fundi mwaminifu hafungui bolti hata moja kabla ya kuuliza maswali manne.

Swali la kwanza: silinda zabana? Hupimwa kwa geji katika tundu la plagi, moja baada ya moja, na kinachotafutwa ni ulingano. Silinda saba zikiwa sawa na moja ikawa chini sana, kamshafti mpya haitaitibu. Itautangaza tu ugonjwa wake.

Swali la pili: oili ina nguvu gani injini ikiwa moto? Kuna kanuni ya zamani ya mafundi wa mashindano, kwamba kila mizunguko 1,000 itakiwe ratili 10 kwa inchi mraba. Ikiwa chini, huenda ni pampu imechoka, huenda ni beringi zimelika, na huenda ni ringi moja ndogo ya mpira. Ringi hiyo hukaa kwenye bomba linalofyonza oili kutoka chini ya injini. Miaka ikipita mpira hukauka na kuwa mgumu, pampu ikaanza kunyonya hewa pamoja na oili, na tapeti zikapiga kelele asubuhi. Kitu cha thamani ya kikombe cha kahawa kimeua injini nyingi, na wenyewe wakalaumu kamshafti.

Swali la tatu lahusu tapeti. Injini hii ina tapeti 16, na kila nne hushikwa na kishikizo cha plastiki. Kazi ya kishikizo ni kuizuia tapeti isigeuke, ili rola ielekee sawasawa na nundu. Plastiki iliyopikwa katika oili moto kwa miaka ishirini hulegea. Tapeti ikigeuka hata kidogo, rola hailingani tena na nundu, bali huisaga. Unga wa chuma huingia katika oili, oili huupeleka kwenye beringi zote, na katika muda mfupi injini nzima huwa chakavu.

Swali la nne lahusu roka. Ndani yake mna vijisindano vya beringi vinavyozungukia. Vikichoka, hutoka na kudondoka ndani ya injini. Kamshafti mpya, kwa kuwa huja na springi kali zaidi, huzidi kuvikandamiza. Ndiyo maana wengi huvibadili wakati huo huo.

Msomaji ataona kwamba katika maswali hayo yote kamshafti haikutajwa kama mgonjwa. Yenyewe mara nyingi ni nzima. Kinachoulizwa ni kama jirani zake wataweza kuibeba.

KAZI YENYEWE

Injini hii ina fadhila moja iliyoifanya ipendwe. Kamshafti hutolewa mbele bila kuvifungua vichwa vya injini. Fundi huondoa rejeta, pampu ya maji, na puli ya krankishafti iliyokazwa kwa bolti ambayo haitumiwi mara mbili. Ikifunguliwa, hununuliwa nyingine. Kisha kifuniko cha cheni, na huko juu roka na pushirodi zote 16.

Halafu huja hila ambayo kila anayeiona mara ya kwanza hutabasamu. Fundi huizungusha kamshafti kwa mkono mara kadhaa, nundu zikazisukuma tapeti zote juu, na vile vishikizo vya plastiki huzishika zisishuke. Ili kuwa na hakika, hupitisha fimbo mbili nyembamba, za mti au za chuma, katika matundu ya mbele ya bloku, zikawa kama makomeo chini ya tapeti. Hufungua bolti zinazoishika, na kamshafti ya zamani huvutwa nje taratibu, kwa mkono uliotulia, isije ikakwaruza beringi zake.

Lakini nimesema plastiki hulegea kwa uzee. Tapeti moja ikiponyoka, huanguka hadi chini ya injini, na kazi ya siku moja hugeuka kazi ya juma zima. Hapo ndipo mafundi wanapogawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: tapeti zilizokwenda maili 200,000 bila kelele zimejithibitisha, ziacheni. Kundi la pili husema: mmekwisha kufika mlangoni, ingieni ndani, fungueni vichwa, tieni tapeti mpya, vishikizo vipya na gasketi mpya, mlale usingizi. Kundi la kwanza huokoa pesa leo. Kundi la pili hununua amani ya kesho. Mimi, kwa jinsi nionavyo, gari likiwa la kwenda mbio, naliunga mkono kundi la pili. Maana tapeti chakavu ikiisaga kamshafti mpya, hasara ni ya vyote viwili.

Springi za zamani hazibaki kwa vyovyote. Zilitengenezwa kwa nundu fupi, na kwa umri huo zimelegea. Springi ikiwa dhaifu, rola huiacha nundu injini inapokwenda mbio, valvu ikaelea, na pistoni ikipanda huweza kuikuta mlango wazi. Vyuma viwili hivyo havikutani wakaachana salama. Kuzibadili springi kichwa kikiwa mahali pake, fundi hujaza silinda kwa upepo wa pampu kupitia tundu la plagi, ili upepo huo uishikilie valvu isidumbukie ndani. Hapo hapo hubadili na mipira ya kuzuia oili kwenye shina la valvu, ambayo katika injini kuukuu ndiyo aghalabu inayotoa moshi wa buluu gari linapowashwa asubuhi.

Pushirodi nazo hupimwa. Za kawaida ni za urefu wa takriban inchi 7.4, lakini mgongo wa nundu mpya huenda ukawa mwembamba kuliko wa zamani, na tofauti ya unywele yatosha kuifanya tapeti ilie au valvu isifunge. Asiyepima hujuta. Na ikiwa nundu ni kubwa mno, hupimwa pia nafasi baina ya valvu na pistoni: kichwa kikiwa wazi, hubandikwa udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, vyote vikafungwa, injini ikazungushwa kwa mkono, kisha hufunguliwa tena na unene wa alama iliyobaki ukapimwa. Chombo cha kitoto, lakini huamua mambo makubwa.

Injini za familia hii zilizotoka kuanzia mwaka 2007 nyingi zina jambo jingine. Kiwanda kilizitia tapeti maalumu katika silinda nne, zinazoweza kujikunja ili silinda hizo zilale usingizi gari likiwa na mwendo mwepesi, petroli ipate kuokolewa. Tapeti hizo zimejulikana kwa kufa mapema. Mwenye injini ya namna hiyo hana hiari. Akitaka kamshafti ya mbio, lazima vichwa vifunguke, tapeti hizo ziondolewe zote, na kompyuta iambiwe kwamba hakuna tena kulala.

Maana kompyuta nayo ina neno. Imefundishwa kiasi cha hewa na petroli kwa kamshafti ya kiwandani. Ukiibadili bila kuifundisha upya, injini itazimika kwenye taa, itanuka petroli, na huenda ikaungua ndani. Pia iko sheria. Huko California kipuri cha namna hii chahitaji idhini ya bodi ya hewa ya jimbo ndipo kiruhusiwe barabarani, na pikapu ya mwaka kama huo hupimwa moshi. Kijana aliyenunua mlio bila kuuliza idhini amejinunulia pikapu ya kuegesha uani.

Kazi ikiisha, injini haiwashwi kwa pupa. Huzungushwa kwanza bila moto, mpaka oili ifike juu. Baada ya safari chache fundi mwangalifu huitoa chujio ya oili, huikata kwa msumeno, huikunjua na kuitazama juani. Ikimetameta vumbi la chuma, jambo limeharibika na afadhali kulijua sasa.

KUTOKA MAREKANI HADI MICHANGANI

Ndugu zetu walioko Oman na nchi za Ghuba wataniambia kwamba haya si mageni kwao. Huko vijana hupanda vilima vya mchanga kwa magari ya nguvu, na gari lililopendwa kuliko mengi ni Nissan Patrol yenye injini ya silinda sita ya lita 4.8. Hiyo kamshafti zake ni mbili, nazo ziko juu ya kichwa, hazikulala katikati ya bloku. Hata hivyo maswali ya fundi ni yale yale. Wako pia walioing'oa injini ya asili wakatia hii ya Kimarekani yenye silinda nane. Mchanga hauna huruma: huidai injini nguvu zake zote kwa dakika nzima, na penye udhaifu hupaonyesha.

Na sisi wa Mombasa na Malindi twapata nini? Gereji zetu za Changamwe hazishughuliki na mbio. Hushughulika na lori litakalobeba saruji kesho alfajiri. Lakini kila siku fundi wetu huletewa injini kuukuu na kuambiwa: iongeze nguvu, na usinile pesa. Mteja humwonyesha kipuri kimoja king'aacho, akidhani baraka yote imo humo. Fundi dhaifu hukubali, hutia kipuri, hupokea ujira, na baada ya mwezi injini hufa njiani Mariakani na mzigo juu. Fundi wa kweli huuliza kwanza yale maswali manne, hata kama jibu litamnyima kazi ya siku hiyo.

Maana katika maswali hayo fundi aweza kumwambia mwenye gari, bwana wee, injini yako haistahili kamshafti hii. Itie ringi ya mpira, badili oili, iache izeeke kwa heshima. Na aweza kumwambia pia: hii bado nzima, silinda zote zalingana, oili yake ni njema, mpe nundu mpya na utaona ajabu. Majibu yote mawili ni ya haki, na ujira wa kuyatoa ni mmoja.

Basi msomaji, ukimwona kijana wa Kimarekani katika picha, amesimama kando ya pikapu iliyochunika rangi na huku anatabasamu, usimcheke upesi. Huenda ndani ya chuma kile mna kazi ya mwaka mzima ya kupima, kukataa na kukubali. Na ukiwa na lori lako la zamani hapo uani, kabla hujaenda kununua chochote, kopa geji kwa jirani ukazipime silinda. Hiyo haina gharama, na ndiyo itakayokwambia kama ni kamba au ni ukambaa.